Mlio wa Mikanda Kabla ya Vigwaza

Basi limetoka Stendi ya Magufuli, Dar es Salaam, alfajiri, limeshaiacha Kibaha nyuma na linakaribia Vigwaza, nusu ya abiria wamelala. Lori linalotoka upande wa Chalinze linawasha taa mara mbili. Dereva ameelewa. Anapunguza mwendo, anamtupia kondakta jicho, na kondakta anasimama katikati ya njia akiwa ameshika bomba la juu.

"Jamani, mikanda! Tufunge mikanda, wapo hapo mbele."

Hapo ndipo unapousikia. Ka, ka, ka, kuanzia siti za mbele kwenda za nyuma, kama mvua inayoanza kugonga bati. Trafiki anapanda, anapiga hatua tatu nne, anatazama mapaja ya watu, anashuka. Basi linaondoka. Kabla hata halijakolea mwendo, mlio unarudi: ka, ka, ka. Safari hii watu wanafungua.

Ni huo mlio wa pili ulioniganda kichwani kwa wiki kadhaa.

Wa kwanza hauna fumbo. Trafiki yupo, faini ipo, hakuna anayetaka kucheleweshwa. Lakini kufungua? Mkanda ukishafungwa, kuuacha hapo hakuna gharama. Hauli hela, hauli nguvu. Mtu ananyoosha mkono, anautafuta kwa vidole chini ya mfuko wa karanga, anaubonyeza mpaka uachie, na haya yote anayafanya wakati basi ndiyo kwanza linapanda kwenda kilomita 80 kwa saa.

## Kuhesabu bila kujidanganya

Ukitaka kujua nani anafunga na nani hafungi, usimuulize mtu. Ukimuuliza atakwambia anafunga, na wala hajisikii kwamba anadanganya. Inabidi usimame barabarani uhesabu, na kuhesabu nako kuna ufundi wake.

Tafuta mataa ambapo magari yanasimama kabisa. Chukua daftari, piga safu nne: dereva, abiria wa mbele, watu wazima wa nyuma, watoto. Taa ikiwaka nyekundu, andika gari la kwanza tu la mstari ulioko karibu nawe, lolote litakalokuwa. Ukianza kuchagua, jicho litakimbilia magari yanayothibitisha unachokiamini tayari. Usichokiona, andika "haionekani", usiandike "hajafunga". Vioo vya giza vya nyuma vitakujazia daftari maneno hayo, na hiyo nayo ni taarifa. Rudia asubuhi, mchana na baada ya giza kuingia, maana usiku hesabu hubadilika. Na ukae mbali na askari. Ukisimama karibu na trafiki, utakuwa umempima trafiki.

Kinachojitokeza karibu kila mahali ni mteremko. Dereva yuko juu. Abiria wa mbele anamfuata. Siti ya nyuma idadi inaanguka kama jiwe, na watoto ndio wa mwisho. Magari binafsi hushinda teksi na daladala. Barabara kuu hushinda mitaa, kwa ile hoja ya "naenda hapo tu".

Usalama wenyewe hauna mteremko wa namna hiyo. Ukuta haujui nani amekaa nyuma. Jicho la trafiki ndilo lenye mteremko: kupitia kioo cha mbele linaona watu wawili vizuri, wa nyuma linawaona vivuli, na wa siti ya tatu ya Noah haliwaoni kabisa.

Ramani ya mikanda ni ramani ya jicho hilo.

## Sheria ilipopiga mstari

Sheria yenyewe imechangia. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 ya Tanzania, kwenye suala la mkanda, kwa miaka mingi ilimtaja dereva na abiria wa kiti cha mbele. Wa nyuma hakutajwa, wala kiti cha mtoto hakikutajwa. Vizazi viwili vya madereva vimejifunza udereva ndani ya mstari huo, na mtu hujifunza pia kutokana na kile ambacho sheria imekaa kimya juu yake.

Kenya walipita njia nyingine. Februari 2004, chini ya Waziri wa Uchukuzi John Michuki, matatu zilitakiwa kuwa na mkanda kwenye kila siti, kidhibiti mwendo cha kilomita 80, mstari wa njano ubavuni, na Nissan kubeba abiria 14 basi. Kwa muda mfupi watu walifunga kweli. Kisha msako ukalegea, mikanda ikalegea nayo. Novemba 2018 serikali ikaanza msako upya kwa kanuni zile zile.

Mikanda ya matatu iliacha somo ambalo halimo kwenye sheria yoyote: uchafu. Mkanda usiofungwa hulala sakafuni, hukanyagwa na viatu vya mvua, humwagikiwa chai. Msako unaporudi, mwenye shati jeupe anaombwa afunge kitu hicho kiunoni kabla ya kuingia ofisini. Tukimwita mkaidi tutakuwa tunamwonea. Anaogopa alama nyeusi ya saa mbili asubuhi kuliko ajali ambayo huenda isitokee.

## Mheshimiwa amekaa wapi?

Kwetu siti ya nyuma ni ya heshima. Bibi harusi hukaa nyuma. Mzee aliyetoka kijijini kuja kutibiwa hukaa nyuma. Bosi, ndani ya gari refu la vioo vya giza, hukaa nyuma, gazeti mkononi, na mbele yake dereva amefunga mkanda kama alivyoagizwa.

Kwa hiyo mtu tunayemthamini kuliko wote garini tumempa siti ambayo mkanda wake haujawahi kuvutwa. Wala hakuna wa kumwambia. Dereva hawezi kumgeukia bosi na kusema "mzee, funga mkanda", kama ambavyo mjukuu hawezi kumfungia bibi bila kuulizwa, "Kwani huyo dereva wako hajui kuendesha?" Kufunga mkanda nyuma kunasomeka kama kumvunjia dereva heshima. Hili nimelisikia mara nyingi mno kuliona utani.

Ila dereva wa bosi ana sababu yake ya kuogopa. Mwaka 2002 watafiti wa Japani walichapisha uchambuzi wa maelfu ya ajali za magari madogo, wakakuta kwamba watu wa mbele waliofunga mikanda walikuwa katika hatari ya kufa karibu mara tano zaidi pale abiria wa nyuma yao alipokuwa hajafunga. Gari linasimama, siti inasimama, dereva anashikwa na mkanda wake. Aliye nyuma hasimami. Anakuja na mwendo ule ule wa gari kabla ya kugonga, na kilichopo mbele yake ni mgongo wa siti ya dereva.

Tuchukue kilomita 50 kwa saa, mwendo wa mjini. Kugonga ukuta kwa mwendo huo ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10. Boneti ikijikunja sentimita 60, mtu wa kilo 70 aliyefunga mkanda atazuiwa kwa nguvu ya wastani inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 1,100. Utepe wa mkanda unaimudu: kanuni namba 16 ya Umoja wa Mataifa inataka uhimili karibu tani moja na nusu bila kukatika. Mikono haiimudu. Mtoto wa kilo 10 aliyepakatwa, katika mgongano huo huo, anakuwa mzigo wa zaidi ya kilo 160 kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hakuna mama mwenye mikono hiyo, hata awe analima kila siku. Na kumfungia mtoto pamoja nawe ndani ya mkanda mmoja ni vibaya zaidi, kwa sababu mwili wako ndio utakaombana dhidi ya utepe.

Kwa kilomita 80, mwendo wa basi letu la Chalinze, urefu wa kuanguka ni mita 25. Ghorofa ya nane.

## Nilipoanza kuushuku ujinga

Maelezo mepesi ni kwamba watu hawajui, waelimishwe. Yanafaa kwa mabango na semina. Shida ni kwamba hayaelezi mlio wa pili. Abiria wale wanajua mkanda ni wa nini; ukiwauliza watakueleza vizuri tu.

Fikiria upya kile alichosema kondakta. Hakusema "mtaumia". Alisema "wapo hapo mbele". Ni yeye na dereva watakaoandikiwa, ni gari litakalozuiwa. Abiria walifunga ili kumsitiri. Ni ule uungwana wetu wa safarini, kama kumpokea mtu mzigo dirishani au kumpakatia mtoto mama aliyesimama. Trafiki akishashuka, msaada umekwisha kutolewa, kila mtu anarudi kwenye hali yake.

Yaani mkanda ule ulifungwa kwa ajili ya kondakta.

Nikilitazama hivyo, swali la kwa nini wanafungua linageuka. Swali linakuwa: huo mkanda wenyewe ukoje, kiasi kwamba hakuna anayetaka kubaki nao akishamaliza wema wake? Hapa inabidi tuache tabia za watu tuingie kwenye vyuma.

## Chini ya kava

Anza na gari dogo. Magari mengi yanayotembea Dar, Mwanza na Mombasa ni mitumba ya Japani, na Japani imewalazimisha abiria wa nyuma kufunga mkanda tangu Juni 2008. Gari lilishuka bandarini likiwa na mikanda yake yote. Halafu likapelekwa kuvishwa kava za siti.

Fundi wa kava anashona kiti cha nyuma kama kochi la sebuleni, kipande kimoja, kimebana, kinapendeza. Vifungio vya mkanda vinasimama kwenye mfereji kati ya kikalio na mgongo wa siti. Vinamsumbua, kwa hiyo anavisukuma chini. Kuanzia siku hiyo gari lina mikanda mitatu inayovutika na halina pa kuichomeka. Abiria anavuta, anapapasa, anakuta kitambaa laini, anaachia. Akifanya hivyo mara mbili, hatajaribu tena maisha yake yote.

Kuvitoa ni kazi ya nusu saa. Kwenye Toyota nyingi ndogo, kikalio cha nyuma kimeshikwa na klipu mbili upande wa mbele. Ingiza vidole chini ya ukingo, karibu na klipu, nyanyua kwa nguvu upande mmoja kisha wa pili, halafu vuta kikalio kuja mbele. Vifungio utavikuta vimelala sakafuni na vumbi la miaka. Vipulizie hewa, usimimine oili ndani. Oili inakusanya vumbi na kifungio kinaanza kugoma. Ingiza kila ulimi, kile chuma cha mkanda kinachochomekwa, kwenye kifungio chake usikie mlio, vuta kwa nguvu, bonyeza uone kama unaachia wenyewe bila kubembelezwa. Cha katikati mara nyingi kimeandikwa CENTER, na ulimi wake ni wa umbo tofauti. Ukivibadilishana, ulimi mmoja hautaingia.

Tazama na boliti zinazoshika mikanda kwenye bodi. Nati ya pale kwa kawaida ina nyuzi za inchi, 7/16 yenye nyuzi 20 kwa inchi, si za milimita. Fundi aliyepoteza boliti huchukua ya milimita kumi kwenye kopo lake, inaingia kwa kulegea, anaweka washa mbili, inaonekana imekaza. Haijakaza. Tafuta boliti ya mkanda hata kwenye gari la skrepa, na kwa Toyota kaza nyutoni-mita 42.

Tukiwa kwenye kava: kama ubavuni mwa siti ya mbele pana kitambulisho cha SRS AIRBAG, ndani ya siti kuna mfuko wa hewa unaotakiwa kupasua mshono wa pembeni. Kava lisiloachwa wazi hapo linauziba.

## Mkanda uliogoma

Malalamiko ya pili gereji: mkanda haurudi, umekufa springi. Mara nyingi springi ni nzima. Angalia kile kitanzi cha juu, begani, ambamo utepe unapita. Jasho na vumbi hutengeneza utando mweusi wa kunata pale, na utepe unakwama. Futa kitanzi kwa kitambaa chenye maji ya sabuni mpaka king'ae. Kisha vuta utepe wote nje, ubane kwa koleo dogo karibu na tundu la kikunjio, kile kifaa kinachouvuta na kuukunja utepe, usirudi, usugue kwa brashi laini na maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya kawaida. Jik hapana, inakula nyuzi. Uache ukauke kivulini kabisa ndipo uuachie. Ukirudi ndani na unyevu utaota ukungu na kugoma zaidi ya mwanzo.

Kama utepe umechanika pembeni, umekuwa na mawimbi au umekauka na kung'aa kama plastiki, hapo hakuna kuosha. Badilisha.

Kubadilisha nako kuna mitego. Ndani ya kikunjio kuna kifaa, mara nyingi goroli dogo, kinachohisi gari likifunga breki au kuinama, na kingine kinachohisi utepe ukivutwa ghafla. Goroli linahitaji kikunjio kikae kwa pembe ile ile kilichotengenezewa. Chukua cha gari jingine, kifunge kwenye nguzo yenye mwinamo tofauti, kitagoma kutoa utepe, na fundi atakwambia ni kibovu. Mtego mkubwa zaidi ni mkanda wa gari lililopata ajali. Mikanda ya mbele ya magari mengi ina baruti kidogo inayoukaza wakati wa mgongano, na inalipuka mara moja tu. Ukiona shina la kifungio limefupika na mpira wake umejikunja mikunjo mikunjo, au utepe hautoki kabisa, kifaa hicho kimekwisha fanya kazi yake kwa mtu mwingine.

Madereva wana hila zao: ulimi bandia wa kuchomeka ili kengele inyamaze, mkanda kupitishwa nyuma ya mgongo, kibanio cha nguo juu ya utepe ili usibane kifua. Mwenye mkanda nyuma ya mgongo na mfuko wa hewa mbele anafanya mchezo mbaya kuliko anavyodhani. Mfuko hufumuka ndani ya sehemu kama 30 za 1,000 za sekunde, na umepangwa kumpokea mtu aliyezuiwa na mkanda. Asiyezuiwa anaukuta bado unafumuka.

## Na basi letu?

Kwenye basi la mkoani mkanda kwa kawaida ni wa kiunoni tu. Nimejiuliza sana kama unastahili kutetewa, maana kwenye mgongano wa uso kwa uso mwili unakunjika katikati na kichwa kinaweza kufuata mgongo wa siti ya mbele. Lakini basi likipinduka, vioo hupasuka kwanza, na asiyefungwa hutoka dirishani, wote au nusu, kisha basi linamlalia. Mkanda wa kiunoni, hata wa hovyo, unakuweka ndani. Hilo limenitosha kuamua.

Ila ukae panapostahili: chini, kwenye mifupa ya nyonga, umekazwa. Ukiwa tumboni unakata utumbo. Mama mjamzito aupitishe chini ya tumbo, kamwe si juu yake. Ukilaza siti kama kitanda, mwili unateleza chini ya mkanda na tumbo ndilo linalobaki kushikwa. Kwenye gari dogo, kipande cha juu kipite katikati ya bega na kifua. Chini ya kwapa kinavunja mbavu.

Kabla ya kukaa, tikisa siti. Iliyofungwa kwenye bati jembamba kwa boliti mbili inacheza, na mkanda ulioshikwa na siti hiyo utaondoka nayo. Kagua kama kifungio cha kwako kweli ni cha ulimi wa kwako, maana mabasi yaliyobadilishwa viti yana siti zenye ndimi mbili na hakuna kifungio hata kimoja. Ukikuta hivyo, mwite kondakta mkiwa bado stendi. Atahangaika, atasema siti nyingine zimejaa, lakini stendi ana nafasi ya kuchukua kifungio siti ya nyuma na kukihamisha. Mkishafika Mlandizi hana.

Na ukipeleka gari kuvishwa kava, kaa hapo hapo kwa fundi. Toa vifungio vyote vitatu juu kabla hajapima kitambaa. Mwambie aache tundu la sentimita sita kwa kila kifungio, alizungushie mshono wa pili lisifumuke. Atalalamika kwamba linaharibu muonekano, na kweli kidogo linaharibu. Kipande anachokitoa kwenye kila tundu ni kidogo kama kiberiti.